Nuru ya Kiasi: Uteuzi wa Taa kwa Kambi ya Usiku

Utangulizi

Safari ya chama cha wanafunzi hupangwa mchana, ilhali sehemu yake kubwa huwa usiku. Kamati huketi darasani jua likiwaka, ikakadiria nauli, unga, sukari, mahema na ada ya kuingia mbugani, kisha ikamalizia kwa neno moja chini kabisa ya orodha: tochi. Wanachama wanaopiga kambi kuanzia Ijumaa saa kumi jioni hadi Jumapili saa nne asubuhi huwa nje kwa saa 42. Katika eneo la Nairobi na Naivasha, ambalo haliko mbali na ikweta, jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo jioni mwaka mzima, na usiku huwa wa takriban saa 12. Kwa hivyo zaidi ya nusu ya safari hiyo ni giza. Fauka ya hayo, machweo ya ikweta ni mafupi: dakika 20 hivi baada ya jua kuzama, asiye na taa haoni tena fundo la kamba anayoifunga.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna ya kuteua taa za kambi. Hoja inayoyaongoza ni kwamba kambi haihitaji mwanga mwingi, bali mwanga wa aina kadhaa, kila mmoja mahali pake, pamoja na giza lililobakizwa kwa makusudi. Kwa ajili ya ufafanuzi, uchukuliwe mfano wa kundi la wanafunzi 30 wanaokwenda kulala usiku mbili katika mojawapo ya kambi za mbuga ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha. Mbuga hiyo imeteuliwa kwa sababu mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli humo, na kwa hivyo huvutia vyama vya wanafunzi. Aidha, ina kinaya chake. Ndani ya eneo hilohilo mna mitambo ya Olkaria, ambayo tangu 1981 imekuwa ikizalisha umeme kutokana na mvuke wa ardhini. Mwanafunzi anayepapasa akitafuta mlango wa hema lake yuko karibu na chimbuko la umeme unaowasha taa za Nairobi.

Kuangaza, Kumulika na Kiwi

Kiswahili hakina uhaba wa maneno katika uwanja huu. Tatizo ni kwamba wazungumzaji wengi wa leo, wakiwemo wanaokisomea Kiswahili, wameyapunguza hadi mawili: taa na tochi. Hata hivyo, msamiati uliopo ni mpana, na kila neno lina kazi yake. Mwenge ni wa kubebwa. Hufungwa kwa nyasi, majani makavu au makuti na kumtangulia msafiri njiani. Kijinga ni ukuni wenye moto, wa kuhamishia moto toka jiko moja hadi jingine. Koroboi, ambayo Watanzania wengi huiita kibatari, ni mkebe wenye mafuta ya taa na utambi, usio na kinga ya kuuzuia upepo. Taa ya chemni inayo kinga hiyo, na jina lake linakiri asili ya kioo chake, kwani chemni ni neno la Kiingereza lililovikwa sauti za Kiswahili. Kandili ilitufikia kupitia Kiarabu, nacho Kiarabu kilikuwa kimelitoa neno hilo upande wa Kilatini. Fanusi nayo ilipitia Kiarabu, na asili yake ni Kiyunani. Karabai ni taa ya kupigwa pampu, yenye sauti ya kuvuma na mwanga mweupe mkali. Wavuvi wa omena katika Ziwa Viktoria waliitegemea kwa miaka mingi kuwavuta samaki juu ya maji. Kurunzi ndiyo hii ambayo wengi huiita tochi.

Muhimu zaidi kuliko nomino hizo ni vitenzi viwili vinavyotumiwa mara nyingi kana kwamba ni kimoja. Kuangaza ni kueneza mwanga pande zote ili vitu vilivyopo vionekane. Kumulika ni kuuelekeza mwanga kwa kitu kimoja. Kandili huangaza, kurunzi humulika. Anayelielewa jambo hili ameshamaliza nusu ya kazi ya uteuzi, kwa sababu makosa mengi ya kambini hutokana na kuitaka taa ya kumulika iangaze au taa ya kuangaza imulike. Mpishi anayeishika simu kwa meno huku akikoroga sufuria anamulika mahali panapotaka kuangazwa. Naye anayeinua kandili juu ya kichwa ili aone kilichotikisa kichaka mita 40 mbele hataona chochote, maana mwanga unaoenea hupungua upesi: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaokifikia kitu hubaki robo. Zaidi ya hayo, kandili hiyo itakuwa imemtia kiwi.

Kiwi ni neno la tatu, na pengine ndilo lililosahauliwa zaidi. Ni ile hali ya macho kushindwa kuona kwa kuzidiwa na mwanga. Lugha inayo jina la madhara ya nuru nyingi, ilhali orodha za kamati hazina.

Jicho na Giza

Sababu ya kiwi imo katika maumbile ya jicho. Ukuta wa nyuma wa jicho una seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Za kwanza hufanya kazi mchana na kutambua rangi. Za pili hufanya kazi gizani. Hazitambui rangi, lakini zinahisi mwanga hafifu mno. Mtu akitoka penye mwanga na kuingia gizani, seli za kwanza hufikia upeo wa uwezo wao baada ya dakika 10 hivi, ilhali za pili huhitaji dakika 30 au zaidi. Ndiyo maana anayetoka hemani huona weusi mtupu, kisha taratibu akaanza kuona mstari wa vilima, miti, na hatimaye njia aliyoikanyaga mchana.

Nusu saa hiyo ya subira inaweza kuharibiwa kwa sekunde chache. Mwenzake akimmulika usoni kwa simu, hesabu huanza upya. Kwa wazee, macho huchelewa zaidi kuzoea giza. Jambo hili litarejelewa hapa chini.

Mwanga mwekundu hafifu una nafuu ya pekee. Seli za usiku karibu haziuhisi wekundu, kwa hivyo mtu anaweza kusoma saa, kutafuta viatu au kuandika dondoo kwa taa nyekundu kisha akainua macho na kuendelea kuona gizani. Taa nyingi za kuvaa kichwani siku hizi huwa na mwanga huo. Kamati ikilazimika kuchagua baina ya taa yenye nguvu zaidi na taa dhaifu yenye mwanga mwekundu, ya pili ndiyo ya kununuliwa.

Wauzaji, bila shaka, watasema vingine. Wao huisifu taa kwa lumeni, kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka katika taa. Mshumaa hutoa lumeni 12 au 13 hivi. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa karibu 800. Kusoma kitabu hemani hakuhitaji zaidi ya lumeni 30, na njia ya kuendea msalani hutosheka na chache kuliko hizo. Taa iliyoandikwa lumeni 1,000 inafaa uwanja wa mpira. Kambini itawatia kiwi watu 29 ili mmoja aone.

Moto Ndani ya Hema

Taa zenye utambi zinahitaji kujadiliwa kwa uzito wake, kwa sababu hapa suala si la kuona vizuri au vibaya. Wapo wanaoipenda taa ya chemni kwa kumbukumbu za nyumbani, na mwanga wake wa rangi ya asali ni mzuri kweli. Nje, juu ya meza imara, haina ubaya. Ndani ya hema haina nafasi kabisa, wala koroboi, wala mshumaa, wala karabai. Mahema mengi ya kisasa hushonwa kwa nailoni au poliesta, vitambaa ambavyo huyeyuka vinapoungua na kudondoka vikiwa moto juu ya aliyelala. Mlango wa hema ni zipu moja, na zipu hutafutwa kwa vidole gizani.

Hatari ya pili haionekani. Kitu chochote kinachoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, harufu wala ladha. Huingia katika damu na kujishikiza kwenye himoglobini kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu ikaendelea kuzunguka bila kubeba kinachohitajika. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, yaani dalili zilezile ambazo mwanafunzi aliyeshinda juani akipanda majabali angezitarajia bila wasiwasi. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Ndiyo maana kishawishi cha kuliingiza jiko la makaa hemani, angalau kwa dakika chache, hakikosi kuwajia watu. Makaa yaliyofunikwa na jivu yakaonekana kama yamezimika bado hutoa gesi hiyo. Kamati inayokataza jambo moja tu katika safari nzima ikataze hili, na ilikataze kwa sauti, kabla ya chakula cha jioni, si baada ya baridi kuingia.

Mbadala upo na ni rahisi. Taa za LED zimekuwa nafuu na imara kufuatia uvumbuzi wa LED ya rangi ya samawati mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka wa 2014. Taa hizo hazina mwako na joto lake ni dogo. Wati moja hutoa lumeni 100 hivi, kiasi ambacho balbu ya zamani ingehitaji wati nane hadi kumi kukifikia.

Mahali na Taa Yake

Katika mfano wa Hell's Gate, kambi ya wanafunzi 30 ina jiko, baraza ya kukaa, safu ya mahema, njia na msala. Kila mahali pana hitaji lake.

Jikoni huhitaji mwanga wa kuangaza, uliotundikwa juu ya mpishi na mbele yake kidogo, ili kivuli chake kisiangukie kisu. Rangi ya mwanga iwe ya manjano. Wadudu warukao usiku huvutiwa zaidi na mwanga mweupe unaoelekea samawati, na kumbikumbi huwa hawachagui baina ya taa na sufuria. Baadhi ya wapiga kambi wazoefu hutundika taa moja nyeupe mita 10 hivi kando ya jiko, si kwa ajili ya watu bali kwa ajili ya wadudu.

Njia huhitaji mwanga wa chini, usawa wa vifundo vya miguu, uliofunikwa juu ili usipande machoni. Kamba za mahema na vigingi vyake ndivyo huangusha watu wengi kambini, na dawa yake hata si taa: ni vipande vya kitambaa cheupe vilivyofungwa kwenye kila kamba, vikaonekana kwa mwanga wowote ule mdogo.

Msala ndio husahauliwa, hasa orodha inapoandikwa na wanaume pekee. Mwanafunzi wa kike anayelazimika kutembea mita 60 gizani saa nane usiku huwa na chaguo tatu: kumwamsha mwenzake, kwenda peke yake kwa hofu, au kujizuia hadi alfajiri. Wengi huchagua ya tatu, na hujinyima maji tangu jioni ili kuiwezesha. Taa moja ya nusu wati mlangoni mwa msala na nyingine katikati ya njia, zikiwaka usiku kucha, huondoa tatizo hilo kwa gharama isiyofikia bei ya katoni ya soda. Ikiwa fedha zinatosha taa moja tu ya kuwaka usiku kucha, mahali pake ni hapa.

Ukingo wa kambi, kinyume na wanavyodhani wengi, haufai kuzungushiwa taa. Hell's Gate ina nyati, fisi na chui. Taa si ua, na mduara wa mwanga mkali humfanya aliye ndani asione chochote kilicho nje. Mlinzi anayeketi gizani akiwa na taa ya kichwani iliyozimwa huona mbali zaidi. Akisikia kitu, atawasha na kumulika. Macho ya fisi, chui na swala yana tabaka nyuma linalorudisha mwanga, kwa hivyo hung'aa yanapomulikwa. Hata hivyo mwanga huo hurudi ulikotoka. Anayeishika kurunzi usawa wa kiuno anaweza kukosa kuyaona macho yanayomtazama, ilhali aliyevaa taa kwenye paji la uso, karibu na macho yake mwenyewe, atayaona mara moja. Kwa sababu hii taa ya kichwani haipasi kuchukuliwa kama pambo la wapanda milima. Nayo hailazimiki kumulika watu: anayezungumza na mwenzake ataiinamisha au ataizima. Adabu hii hufundishwa usiku wa kwanza.

Mwanga wa dharura huhitaji maneno machache. Aliyepotea au kuumia humulika mara sita katika dakika moja, akanyamaza dakika moja, kisha akarudia. Anayemjibu humulika mara tatu kwa dakika. Wanafunzi wote 30 walijue hili kabla ya kulala.

Mtambaji na Mwanga Wake

Kambi ya wanafunzi wa Kiswahili hutofautiana na kambi nyingine kwa jambo moja: aghalabu huwa na usiku wa ngano na vitendawili, na mara nyingine huwa ni safari ya utafiti wa nyanjani ambapo mzee au mama wa eneo hilo hualikwa kutamba. Hapa uteuzi wa taa huingia moja kwa moja katika taaluma yenyewe.

Ruth Finnegan, katika kitabu chake Oral Literature in Africa cha 1970, alisisitiza kwamba kazi ya fasihi simulizi haikamiliki nje ya utendaji wake. Wanafunzi huikariri hoja hiyo mtihanini, wakataja sauti, ishara za mwili, ushiriki wa hadhira, wakati na mahali. Mwangaza hutajwa kwa nadra. Ilhali jamii nyingi zilikataza ngano kutambwa mchana, na utamu wa saa ile ya baada ya chakula ulitegemea moto wa mekoni kama ulivyotegemea sauti ya bibi. Moto huangaza kutoka chini na mbele. Hucheza, ukaukuza uso wa fanani na kuupunguza. Huwafikia walioketi katika duara kwa kiasi cha kuonana nyuso, lakini migongo yao huachwa gizani, na giza hilo la nyuma ndilo huwafanya watoto wasogeleane zimwi linapotajwa.

Badala ya moto huo iwekwe taa nyeupe ya lumeni 500, iliyotundikwa juu ya kichwa cha mtambaji. Mwanga unaotoka juu hutia kivuli kwenye mashimo ya macho, kwa hivyo macho ya fanani hayaonekani, na fanani asiyeonekana macho amepokonywa nusu ya zana zake. Hadhira nayo huonekana yote, hadi aliye nyuma anayetazama simu yake. Duara hufunguka. Mtambaji mzoefu atalihisi jambo hili asiweze kulitaja. Ataharakisha, atafupisha nyimbo, atajibu maswali kama aliyeitwa kutoa taarifa. Mtafiti atarudi chuoni na kuandika kwamba utambaji katika eneo hilo umefifia.

Kosa la pili ni la kamera. Simu zinapotumiwa kurekodi, vijana husogea karibu na kuwasha taa zake usoni mwa mzee. Kwa umri wake, kiwi hicho hakitamtoka upesi, na kwa dakika kadhaa atakuwa akisimulia kwa hadhira asiyoiona. Katika hali hiyo viitikio vya hadhira humfikia kama sauti za watu walio nyuma ya ukuta.

Mwanga unaoifaa kamera bila kumdhuru fanani unawezekana. Taa mbili za manjano, zenye kipimo cha rangi cha takriban 2,700 hadi 3,000 Kelvini, huwekwa ubavuni mwa mtambaji, moja kila upande na juu kidogo ya usawa wa macho, zikaelekezwa kwenye shuka nyeupe zilizotandazwa wima ili mwanga umfikie ukiwa umelainika. Moto, pale unaporuhusiwa, hubaki mbele yake. Picha itakuwa na vivuli, na si lazima ionekane kama ya studio. Kamati iulize mapema kuhusu moto na kuni. Katika mbuga za taifa moto huwashwa mahali palipotengwa pekee, na mgeni hajiendei tu kuokota kuni. Pasipo na moto, kandili moja ya manjano iliyowekwa chini, katikati ya duara, na kufunikwa kwa karatasi nyepesi upande wa hadhira hukaribia athari yake.

Vyovyote itakavyokuwa, mtafiti anapoandika tarehe, mahali na jina la fanani, aandike pia taa iliyotumika na ilikowekwa. Atakayeisoma kanda hiyo baadaye atahitaji kujua alichokuwa akikiona mtambaji aliposita.

Kalenda ya Mwezi, Mlima na Pwani

Taa ya kwanza ya kuteuliwa, na ambayo hailipiwi, ni mwezi. Mwezi mpevu huchomoza karibu na wakati jua linapozama, na kila siku inayofuata huchelewa dakika 50 hivi. Safari iliyopangwa siku tatu au nne kabla ya mwezi mpevu hukuta mbalamwezi tayari i juu jua linapotua, na kambi huangazwa hadi baada ya usiku wa manane. Chama kinachotaka kutazama nyota kichague usiku wa mwezi mwandamo. Kati ya Desemba na Machi Kilimia huonekana waziwazi mapema usiku. Anayefuatilia mwandamo wa mwezi kwa ajili ya Ramadhani anaijua hesabu hii bila kufundishwa.

Kambi za Mlima Kenya zina shida yake. Wanaoelekea kilele cha Lenana, mita 4,985, huondoka alfajiri mbichi gizani, na baridi hupunguza nguvu za betri. Betri za akiba hulala ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mwenyewe, na taa ya kichwani huwa ya lazima kwa kila mtu, kwa kuwa mikono inahitajika.

Ufuoni, mathalani Watamu ambako kasa hutaga, mwanga wenyewe huweza kuwa dhara. Vifaranga vya kasa hutoka mchangani usiku na kuelekea palipo na mwanga zaidi, ambapo kwa kawaida huwa ni upeo wa bahari. Taa nyeupe ya kambi huvigeuza vikaenda bara, na huko hukaukiwa au huliwa na kaa na ndege. Kambi ya pwani hutumia taa nyekundu au za rangi ya kaharabu, zilizofunikwa upande wa bahari, na baada ya saa tatu usiku huzima zote zisizo za lazima.

Hesabu ya Betri

Kwa wanafunzi 30 na usiku 2, mahitaji ya kambi ya mfano si makubwa. Njia na msala huhitaji taa 3 za nusu wati kwa saa 11 kila usiku: jumla ya wati-saa 33. Jiko na baraza huhitaji taa 2 za wati mbili kwa saa tatu unusu kila usiku: wati-saa 28. Hesabu nzima ni 61. Betri ya akiba ya kuchajia simu iliyoandikwa 10,000 mAh hubeba wati-saa 37, lakini kinachofika kwenye taa ni theluthi mbili hivi, yaani 25. Betri 3 za namna hiyo zinatosha na kubakiza kidogo. Hazitoshi simu. Simu moja ya kisasa humeza wati-saa 15 au zaidi, na simu 30 zingezinyonya betri hizo zote kabla ya ugali wa Ijumaa kuiva. Kwa hivyo betri za taa hutengwa, zikafungwa kwa utepe na kuandikwa.

Paneli ndogo ya sola ya wati 5 husaidia mahali pa kukaa zaidi ya siku mbili, mradi isitegemewe peke yake katika miezi ya masika. Taa zitakazokaa nje ziwe na kinga ya maji isiyopungua IPX4, inayomudu matone kutoka kila upande. Taa za kichwani si lazima ziwe 30; sita zinatosha kwa wapishi, walinzi na viongozi wa matembezi, na wengine wakaja na kurunzi ndogo za mkononi.

Mwisho, kazi hii ipewe mtu. Mweka hazina hutajwa, mpishi mkuu hutajwa, lakini taa huachiwa kila mmoja. Mwanafunzi mmoja aziwashe saa kumi na mbili kamili, kabla ya giza kuwapata watu wakipigilia vigingi, azime za baraza saa nne usiku, na akague ya msala kabla ya kulala. Mawe ya tochi yaliyokwisha atayakusanya katika mfuko wake Jumapili asubuhi, yarudi Nairobi ndani ya basi, kwa sababu shimo la taka la kambini hufukuliwa na nyani mara tu basi linapoondoka.